Sauti ya Nne

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kwaya mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi waimbaji hatukuzoea kusema mbele ya mkutano. Kazi yetu kila mwaka ni kuimba mwanzo na kuimba mwisho, na katikati kukaa kimya nyuma ya ukumbi tukingojea chai. Lakini safari hii Kamati imetuamuru tuseme habari za mwenzetu wa sauti ya nne, aliyefariki mwaka uliopita baada ya kuimba katika kwaya ya Chama hiki kwa miaka zaidi ya 60. Jina lake mtalisoma katika orodha ya marehemu iliyo mwisho wa kitabu hiki. Hapa hatutalitaja, kwa maana alikuwa hapendi kutajwa. Akisifiwa mbele za watu alikuwa akiinama kufunga kamba za viatu, hata siku alipovaa viatu visivyo na kamba.

Twajua pia ya kwamba iko hoja mbele yenu juu ya fedha za nauli ya kwaya. Wako wanachama walioandika barua wakauliza kwa nini Chama kiendelee kulipa nauli ya watu 20 kwenda mazishini, hali siku hizi mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme na vipaza sauti aweza kuja peke yake akasikika hata ng'ambo ya mto. Swali hilo si la kipumbavu, wala hatukuja kuligombeza. Tutasimulia maisha ya mtu mmoja, kisha mtapima wenyewe.

Mwenzetu alizaliwa mwaka 1938 upande wa Butere, ambako misheni ya Kianglikana ilifunguliwa mwaka 1912. Shuleni kwao hapakuwa na kinanda. Palikuwa na ubao, na juu ya ubao ngazi ya herufi saba: d, r, m, f, s, l, t. Mwalimu aligusa herufi kwa fimbo, na watoto wakapanda na kushuka kwa sauti wakiifuata. Aliyepotea, fimbo ile ile ilimrudisha njiani. Mwenzetu alikuwa akisema kwamba alijua kusoma nyimbo kabla hajajua kusoma maneno, na sisi tuliomsikia akihangaika na taarifa ya Mweka Hazina twamsadiki.

Pengine vijana wetu hawajui asili ya herufi hizo. Zatoka Uingereza. Mama mmoja mwalimu wa Norwich, jina lake Sarah Glover, ndiye aliyeanza kuwafundisha watoto kwa njia hiyo, na mchungaji John Curwen akayapokea mafundisho yake tangu mwaka 1841, akayatengeneza na kuyaeneza. Faida kubwa ya solfa ni umaskini wake. Noti za mistari mitano zataka chapa maalum, bali solfa huchapwa kwa herufi za kawaida, au huandikwa kwa penseli katika daftari la hesabu. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, kistari huonyesha sauti inayovutwa, na mstari wa kusimama hufunga kipimo. Mtoto mwenye bidii aweza kuyajua hayo kwa majuma machache, ijapokuwa kuyasoma bila kusita ni kazi ya miaka. Ndiyo sababu wamisheni waliichukua solfa kusini mwa Afrika na huku kwetu, na ndiyo sababu watu wasio na kinanda wala fedha ya kinanda waliweza kuimba sauti nne kabla ya umeme kufika kwao.

Alikuja Nairobi mwaka 1957, akaajiriwa katika karakana ya East African Railways and Harbours, akakaa katika nyumba za reli za Muthurwa, chumba kimoja na vijana wengine watatu. Siku zile Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa (iliondolewa Januari 1960), na Waafrika waliokusanyika jioni walitazamwa kwa macho makali. Hata hivyo watu wachache wa kwetu walikuwa wakikutana Jumamosi kuimba. Wazee waliokuwapo walitusimulia ya kwamba jioni moja walikuwa wakiimba sauti tatu, maana wa nne alikuwa amehamishiwa Mombasa kikazi, mara wakasikia sauti ya nne ikiingia kwa dirishani. Hawakukoma. Waliimba beti zote mpaka mwisho, ndipo wakatoka nje kutazama ni nani. Walimkuta kijana mwenye mafuta ya mashine mikononi, akaomba radhi kwa kuingilia mambo ya watu.

Tangu siku ile hakuondoka. Mchana aligonga chuma, usiku aliimba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa, alibaki katika reli ya Kenya, akastaafu mwaka 1993. Katika muda wote huo kwaya haikumlipa hata senti tano, na yeye aliilipa kwaya mara nyingi: karatasi za stensili, betri za tochi, na mara moja faini ya mwimbaji wa sauti ya tatu aliyekamatwa kwa kuendesha baiskeli usiku bila taa tukitoka mazoezini.

Mwaka 1963 ulileta kazi ambayo alikuwa akiisimulia kila mwezi wa Desemba. Serikali iliweka tume ya watu watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ili watengeneze wimbo wa taifa. Walichagua sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, waliopewa na Mzee Meza Moraa Galana. Tafadhali lifikirini jambo hilo: sauti ya mama wa Mto Tana akimlaza mwanawe ndiyo leo husimamisha majeshi. Ilipokaribia tarehe 12 Desemba kila kwaya mjini ilitaka kuujua wimbo huo upesi. Mwenzetu aliupata kwa solfa jioni moja, na kesho yake saa ya chakula aliwafundisha mafundi wa karakana, kila sauti pembeni pake, na wapiga nyundo wote akawaweka katika besi bila kuwauliza. Mpaka leo tukiuimba mbio mbio kama watu wanaokimbia mvua, twamwona akinyosha mkono kutuzuia.

Sasa yafaa tueleze sauti ya nne ni kitu gani, maana wengi huisikia bila kujua kwamba wameisikia. Sauti ya kwanza ndiyo watu waendayo nayo nyumbani. Ya nne hakuna mtu aiimbaye akioga. Ukiisikia peke yake utadhani ni mtu anayepanda ngazi mbili na kushuka moja, akitafuta kitu alichokiangusha. Lakini ikiondolewa, zile tatu zilizobaki huelea, na baada ya beti mbili tatu huanza kushuka zenyewe kidogo kidogo, wala hakuna ajuaye ni nani aliyezishusha.

Kazi yake hasa mliiona makaburini. Katika solfa, do haina makao. Yaweza kuwekwa juu au chini kama mwongozaji apendavyo, na nyimbo yote huhama pamoja nayo. Wako wapiga vinanda wanaohesabu jambo hilo kuwa upungufu, lakini kwetu lilikuwa ndiyo dawa. Mwenzetu alikuwa akifika penye msiba, kabla hajasalimia mtu husikiliza jinsi waombolezaji walivyokuwa wakisema. Ikiwa walikuwa wamekesha siku tatu na sauti zimekauka, aliivumisha do kwa midomo iliyofungwa, chini kuliko ilivyoandikwa, na wajane waliokuwa hawawezi kutoa neno wakajikuta wanaimba. Ikiwa aliyekufa ni mtoto, aliipandisha, maana watoto wenzake ndio watakaoimba. Hatukuwahi kumsikia akilieleza jambo hili. Tuliligundua wenyewe baada ya miaka mingi, tena tulipolitaja alishughulika na viatu vyake.

Tuseme kidogo juu ya fedha, maana hoja ni ya fedha. Wanachama wengi mwajua kwaya ya Haleluya ya Handel. Ni sehemu ya utungo uitwao Messiah, ambao uliimbwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Mapato ya siku ile hayakwenda kwa waimbaji. Yaligawanywa kwa hospitali mbili na kwa kuwalipia madeni wafungwa, na watu 142 walitoka kifungoni. Mwenzetu aliyasoma hayo mahali fulani, akayaleta mbele ya Kamati ya siku zile, na kutokana na hayo Chama kilianza kufanya tamasha la kuimba kila mwaka kwa ajili ya karo za mayatima. Wako katika ukumbi huu watu wazima wenye kazi nzuri ambao karo yao ya kidato cha kwanza ilitoka katika tamasha hilo. Hatuwatazami.

Miaka ya 1980 tutaipita upesi. Wakati ule idara nyingi zilikuwa na kwaya zao za kuimba katika sikukuu za taifa, na waimbaji wetu wazuri walichukuliwa huko, wengine kwa kupenda na wengine kwa kuogopa. Kwaya yetu ilibaki na watu saba. Mwenzetu alikataa kwenda, akisema kikohozi kimemshika. Kikohozi hicho kilidumu miaka minane, na hakikumzuia kuimba hata Jumamosi moja.

Tumefika penye sehemu ambayo tungependa kuiruka, lakini tuliapa kusema kweli. Mwaka 2009 kwaya yetu ilipata nafasi ya kurekodi nyimbo. Mtu aliyekuwa akirekodi alisema sauti moja ya besi inatetemeka. Sote tulijua ni ya nani. Alikuwa na umri wa miaka 71. Tulikaa kikao bila yeye, tukakata shauri kwamba waimbaji waliopita miaka 65 wapumzike, kana kwamba tulikuwa tumetunga kanuni kwa ajili ya watu wengi, na tukamtuma kijana ampelekee barua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda mwenyewe. Alijibu kwa neno moja tu: "Vyema." Jumamosi iliyofuata alikuja mazoezini kama kawaida, akaketi karibu na mlango, akafungua daftari, akaanza kunakili nyimbo zetu. Alifanya hivyo kwa miaka miwili. Kisha tukapata msiba, besi wetu vijana wakawa hawana ruhusa kazini, na tukamwomba asimame. Alisimama. Habari ya barua haikusemwa tena, wala sisi hatukuomba radhi mpaka alipokufa. Tunaiomba sasa, mbele ya mjane wake na watoto wake walioketi hapa mbele.

Tulipomzika huko kwao, tulichukua madaftari yake tuliyopewa na familia, tisa kwa hesabu, tukafungua wimbo alioupenda kuliko zote. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono wake safi: sauti ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Mstari wa nne ulikuwa na vipimo vimechorwa, na nukta mbili mbili mahali pake, lakini bila herufi hata moja. Hakuiandika besi kwa sababu aliijua. Na sisi besi tuliokuwapo, kwa miaka yote ile tulikuwa hatuisomi popote. Tulikuwa tukimsikiliza yeye na kumfuata nyuma yake kwa nusu pigo. Basi tulimzika mtu wa sauti ya nne kwa sauti tatu. Majirani walisema tuliimba vizuri. Sisi tulisikia tulivyoelea, na ubeti wa mwisho tukaumaliza mahali ambapo hatukuuanzia.

Tuliporudi Nairobi tuliyapitia madaftari yote tisa. Nyimbo zaidi ya 40 ziko hivyo hivyo, mstari wa nne mtupu. Nyingine ni nyimbo za kanisa ambazo besi yake yapatikana katika vitabu vilivyochapwa, na hizo hazitusumbui. Lakini nyingi ni nyimbo zetu wenyewe, zilizotungwa na walimu wa shule za kwetu kwa lugha ya kwetu, ambazo hazikuchapwa popote.

Hapa yafaa kumkumbuka Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Yeye naye alitunga kwa solfa, akaandika nyimbo zake katika daftari. Ule wimbo wake wa kuiombea Afrika, aliouanza mwaka 1897, ndio ulioleta sauti ya wimbo wa taifa wa Tanganyika mwaka 1961, na Tanzania huutumia hata leo. Alikufa mwaka 1905. Walimu wa kwaya waliliazima daftari lake huku na huku, na mwaka 1996, kaburi lake lilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Afrika Kusini, daftari halikuonekana. Wimbo ule uliokoka kwa kuwa ulikuwa umekwisha enea midomoni mwa watu. Nyimbo nyingine zilizokuwa katika daftari lile hazikuwa na bahati hiyo.

Basi tulianza kutafuta. Kati ya besi wa zamani wamebaki wawili. Mmoja yuko nyumbani, hatoki sana, lakini kumbukumbu yake ni njema mradi asiharakishwe. Mwingine yuko hapa mjini, na masikio yake yamekuwa mazito, kwa hiyo aweza kutuimbia lakini hawezi kutusikia tukimrudishia. Tulikuwa karibu kukata tamaa. Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye kwa miaka zaidi ya 30 alisimama mbele ya mwenzetu safu moja, akatuambia tuketi. Akafumba macho, akaimba besi ya ule wimbo wa mazishi tangu mwanzo hata mwisho, kwa sauti yake ya kike, mahali pa juu. Alipomaliza alisema, "Ameniimbia kisogoni maisha yangu yote; mlidhani sikusikia?" Tuliandika neno kwa neno. Kwa msaada wake na wa wale wazee wawili tumekwisha jaza nyimbo 11.

Bwana Mwenye Kiti, hatukuja kuomba Chama kikatae vinanda na vipaza sauti. Vijana wetu wanavipenda, tena watu walio nyuma kabisa hupata kusikia maombi. Tunaomba mambo mawili madogo. La kwanza, fedha za nauli ya kwaya zisiondolewe mwaka huu, kwa maana twahitaji safari mbili tatu kwenda kwa yule mzee aliye nyumbani, nasi twataka kwenda na vijana, wala si watu wazima peke yetu. La pili, tupewe chumba kidogo cha ofisi hii kila Jumamosi saa tisa alasiri, tuwafundishe watoto wa wanachama kusoma solfa. Mwalimu hatahitaji mshahara. Yule mama wa sauti ya pili amekwisha kubali kuanza, na ubao anao, aliupata kwa mwenzetu.

Madaftari yote tisa yako mezani kwa Mwandishi. Ye yote aliyewahi kusimama karibu na mwenzetu, awe mwimbaji au asiwe, na ayafungue leo kabla ya chai, atazame ile mistari mitupu, na akikumbuka hata vipimo viwili atuambie. Tafadhali andikeni kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Mwenyewe alikuwa akifuta sana.